Simu ya koperative imekuwa nzito kisha mise à jour: tuangalie nini mbele ya kununua ingine?



Msimu wa kahawa uliopita tulipita kwenye kituo kimoja cha kupokelea, upande wa Kalehe, pale mlima unaposhuka kuelekea ziwa. Ilikuwa saa kumi ya mchana. Wamama na wapapa wamepanga mstari, kila mtu na kapu au mfuko wake wa kahawa nyekundu, mizani imefungwa kwenye mti, na kijana wa kupokea ameshika simu ya koperative, anaangalia kioo tu. Anangoja. Fomu ya mkulima mmoja ilikuwa inachukua dakika nne, mara ingine tano, ndipo ifunguke. Mstari haukutembea. "Simu hii ilikuwa mzuri," alituambia, "lakini tangu ilifanya mise à jour imekuwa mzee kabisa."

Kila mmoja wenu anajua kahawa mbivu haina subira. Inapaswa kupita kwenye mashine ya kutoa maganda siku ileile ilipochumwa. Ikilala ndani ya mfuko inapata moto, inaanza kuchacha, na ile harufu haitoki tena hata uikaushe vizuri namna gani. Simu inayosinzia saa kumi ni kahawa inayofika stasheni usiku. Jioni ile yule kijana aliacha simu, akachukua kaye na biki, na alifanya vizuri.

Komite ya pale ilikuwa imekwisha kutuandikia barua, wanaomba simu 4 mpya. Tuliziangalia zile 4 za zamani moja moja, siku mbili. Tatu zilirudi kazini bila kununua kitu, isipokuwa batri moja. Ya nne ndiyo iliyotupa somo la leo, juu ilikuwa imepita kwa fundi mjini mbele yetu. Fundi aliiformati. Ilirudi nyepesi kama siku ya kwanza, na tupu kama siku ya kwanza. Mashamba 43 yaliyokuwa yamepimwa kwa GPS, ambayo hayakuwa yametumwa bado, yalipotea yote. Watu wawili walipanda milima tena wiki nzima, katikati ya mavuno, kurudi kwa wakulima walewale na kuuliza maswali yaleyale. Mzee mmoja aliwauliza kama mara ya kwanza walikuja kumdanganya.

Basi tuanze hapo.

Tuma kwanza

Mbele ya kugusa kitu chochote ndani ya simu nzito, toeni kazi iliyo ndani yake. Koperative nyingi tunazofanya nazo kazi zinatumia KoboCollect. Programu hiyo inafanya kazi bila rezo, na ndiyo sababu tuliichagua kwa milima yetu. Lakini maana yake ni kwamba fomu mlizojaza kule juu zinabaki ndani ya simu mpaka mtu apate rezo na azitume. Fungueni KoboCollect, angalieni kama kuna fomu zinazongoja. Zikiwapo, nendeni pale rezo iko na nguvu, mzitume, hata kama ile simu itachukua saa nzima. Muangalie pia fomu zilizoachwa katikati, zile ambazo mtu alianza asimalize. Hizo hazitumwi na zingine. Lazima mzifungue, mzimalize, ndipo ziende.

Kisha mhakikishe kwa hesabu. Mumuulize yule anayeshika kompyuta, au mtuulize sisi: tumetuma 43, zimeonekana ngapi? Ikiwa zimeonekana 41, kazi haijaisha.

Kisha fomu, kunabaki picha za kazi, nambari za simu za wakulima, na ujumbe wa WhatsApp wenye mambo ya koperative. Na kuna kitu kimoja ambacho karibu kila komite inasahau: adresi ya Google iliyo ndani ya simu na neno lake la siri. Mara nyingi simu ilifunguliwa na animatere wa zamani kwa adresi yake mwenyewe, halafu animatere akaondoka kwenda kutafuta kazi kwingine. Tangu mwaka wa 2015 Android iko na ulinzi juu ya wezi: simu ikiformatiwa kwa nguvu, kwa kubonyeza butoni za pembeni, inapowaka inaomba ile adresi ya Google iliyokuwemo mbele. Usipoijua, umeshika kipande cha plastiki. Tuliona simu mbili za namna hiyo ndani ya kabati ya sekretere mmoja, nzima kabisa, na hakuna mtu wa kuzifungua. Andikeni adresi na neno la siri kwenye kaye ya koperative, ile inayofungiwa pamoja na muhuri.

Meza na depo

Sasa tuseme kwa nini simu inakuwa nzito. Ndani ya simu kuna vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya kwa sababu vyote vinaitwa memwari na vyote vinapimwa kwa giga.

Kimoja ni depo. Ndani ya Paramètres kinaitwa Stockage. Hapo ndipo zinalala programu, picha, video, fomu zenu. Kingine ni RAM, na hiyo tuifananishe na meza ya kuchagulia kahawa. Kitu hakichaguliwi ndani ya depo. Kinatolewa, kinawekwa juu ya meza, kinafanyiwa kazi, kinaondolewa. Meza ikiwa ndogo na mkaleta mifuko mitatu kwa mara moja, wafanyakazi wanaanza kushusha mmoja ili wapandishe mwingine, tena wanaushusha, tena wanaupandisha. Hakuna aliyelala, wote wanatoka jasho, na kahawa haiendi. Simu yenye RAM ya giga 1 inafanya hivyo siku nzima. Mkitoka kwenye fomu ili mjibu WhatsApp, kisha mkarudi, fomu inaanza kufunguka upya: ilikuwa imeshushwa.

Depo unaweza kuipunguzia mizigo, na kwa simu zingine unaweza kuiongezea nafasi kwa kadi. Meza huwezi kuiongeza. Ilitengenezwa hivyo kiwandani.

Na mise à jour? Wale wanaotengeneza programu wanafikiri kwanza juu ya simu za leo, zenye meza kubwa. Kila mwaka wanaongeza kitu, na kila kitu kinaomba nafasi mezani. Hata Android Go, ile iliyotangazwa mwaka wa 2017 kwa ajili ya simu ndogo za RAM ya giga 1 na chini yake, kufika Android 13 ilikwisha kuomba giga 2. Simu yenu haijabadilika hata kidogo. Ni mzigo umeongezeka.

Hapa kuna jambo la kuwatuliza moyo. Kisha mise à jour kubwa, simu inaanza kupanga upya programu zake zote moja moja, chinichini, bila kukuambia. Kwa simu ya zamani kazi hiyo inaweza kuchukua saa nyingi. Mtu anaona simu imepata moto na imechelewa, jioni ileile anakimbia kwa fundi. Muiache usiku mmoja kwenye chaji. Asubuhi muizime na kuiwasha tena. Tunasema kuizima kabisa, si kuzima kioo: kuna simu tulizozikuta ambazo hazijazimwa tangu zilipotoka kwenye karton. Moja kati ya zile tatu za Kalehe ilipona kwa dawa hiyo peke yake, na tuliona haya kidogo kumwambia prezida.

"Lakini sisi hatukufanya mise à jour yoyote"

Tunalisikia sana jibu hilo, na watu hawasemi uongo. Simu inaifanya yenyewe. Kwenye zile simu za Kalehe, Android yenyewe ilikuwa haijaguswa kwa miaka, juu kampuni iliacha zamani kutoa mise à jour ya modeli zile. Kilichobadilika ni programu zilizo juu yake. Play Store inazibadilisha usiku, simu inapokuta wifi au mega, na kila moja inarudi nene kuliko ilivyokuwa. Pia zile programu za Google zilizokuja na simu, ambazo hakuna mtu aliyeziomba na hakuna anayezifungua, zinanenepa palepale.

Basi fungueni Play Store, gusa ile picha ndogo ya pembeni juu, ingia Paramètres, kisha Préférences réseau, tafuteni Mise à jour auto des applications, mchague zisifanyike zenyewe. Kuanzia hapo nyinyi ndio mtaamua ni ipi na siku gani. Kwa zile programu za kiwandani ambazo hazikubali kuondolewa, simu nyingi zinaonyesha neno Désinstaller les mises à jour. Ukigusa hilo, programu inarudia ukubwa ilioletwa nao. Kisha gusa Désactiver, ilale. Kwa simu moja ya giga 8 tulipata nafasi ya kutosha kwa njia hiyo peke yake. Msiguse tu kile msichokijua: Google Play Services muiache, juu programu zingine nyingi zinaiegemea.

Kufagia depo

Depo ikijaa karibu kufika dari, simu inachelewa hata kama meza iko tupu, juu haina tena mahali pa kusogezea vitu. Kwa simu ya giga 16, tunaomba giga 2 au 3 zikae tupu wakati wote.

Mnajua tulikuta nini ndani ya depo za simu za kazi? Haikuwa kazi. Video za kwaya, video za mahubiri, picha za "asubuhi njema" zenye maua na kikombe cha chai, video moja ya mpira iliyotumwa na watu saba kwenye makundi saba, imehifadhiwa mara saba. WhatsApp inashusha vyote hivyo yenyewe, na mega za koperative zinaenda pamoja navyo. Ndani ya WhatsApp, kwenye Stockage et données, fungeni ile Téléchargement auto: picha, sauti, video, vyote. Mtu akitaka video ataigusa mwenyewe. Kisha palepale muangalie Gérer le stockage, inawapangia vitu kwa ukubwa, mnafuta vile vikubwa kwanza.

Sasa tafadhali msome sehemu hii polepole. Mkiingia Paramètres, Applications, mkachagua programu moja, mtakuta mahali penye maneno mawili yanayokaa jirani. La kwanza ni Vider le cache. Cache ni takataka za kazi, kama maganda yaliyobaki chini ya mashine. Kuzifagia hakuna hasara. La pili ni Effacer les données, simu zingine zinaandika Effacer l'espace de stockage. Hilo linafuta kila kitu cha programu ile. Kwa KoboCollect ni fomu zote ambazo hazijatumwa. Kidole kikikosea kwa upana wa punje moja ya mahindi, mlima unapandwa tena. Na kuondoa KoboCollect ili kuiweka upya ni vilevile: inaondoka na fomu zake. Sisi tunakataza kabisa kugusa KoboCollect ndani ya ukurasa ule, hata kwa cache. Fagieni Facebook, fagieni Chrome, inatosha.

Kuhusu kadi ya memwari: ni nzuri kwa picha. Lakini simu ikiwauliza kama kadi itumike kama memwari ya ndani, mkatae, juu kadi za bei ndogo zinaenda polepole kuliko depo ya simu, na programu zikikaa juu yake mtajuta. Zile programu zinazojiita za kusafisha na kuongeza mbio, zenye roketi na ufagio, ziondoeni. Zinakaa mezani siku nzima na kuleta matangazo.

Batri na jua

Wakati mwingine mtu anatukana mise à jour na mwenye kosa ni batri. Hadithi yake inajulikana dunia nzima. Mwezi wa kwanza wa mwaka wa 2017 kampuni ya Apple ilitoa mise à jour ya iPhone. Watu walio na iPhone 6, 6s na SE wakaanza kuona simu zao zinachelewa, wakaambiwa wanawaza tu. Mwezi wa 12 wa mwaka uleule Apple ilikubali: mise à jour ile ilikuwa inapunguza mwendo wa simu zenye batri iliyochoka, ili zisizimike ghafla. Bei ya kubadilisha batri ilishushwa kutoka dola 79 mpaka dola 29 kwa mwaka wa 2018, na waliobadilisha walirudishiwa mbio za simu yao. Italia iliitoza Apple faini ya milioni 10 za euro mwaka wa 2018, na Samsung milioni 5, juu ya mise à jour zilizolemeza simu za watu. Ufaransa nayo iliitoza Apple milioni 25 za euro mwaka wa 2020, kwa sababu haikuwaambia wateja. Kwa hiyo mkulima anayesema mise à jour iliharibu simu yake, tusimcheke.

Hatusemi Tecno au itel yenu inafanya hivyo. Lakini batri iliyochoka inajulikana. Inasema 40, unapiga picha moja, simu inazimika. Unaiwasha, inasema 12. Au simu inakwama mkononi, lakini ukiichomeka kwenye chaji inachangamka. Hapo badilisheni batri mbele ya kufikiri simu mpya, hasa kama ni ile modeli ambayo mgongo wake unafunguka kwa ukucha. Batri ikiwa imevimba, hata kidogo, mpaka mgongo wa simu unainuka, iacheni siku hiyohiyo. Msiichaji, msiitoboe, msiibonyeze ili irudi, na msiitupe kwenye shimo la mboji. Inaweza kushika moto.

Muangalie pia kama mtu hakuacha Économiseur de batterie imefunguliwa. Ile inapunguza mwendo wa simu kwa makusudi, na inaweza kuzuia GPS kufanya kazi sawasawa. Kwenye vituo ambapo umeme ni shida watu wanaifungua mwezi wa kwanza na hawaifungi tena, halafu mwezi wa tatu wanasema simu ni nzito.

Tena joto. Simu ikipata moto inapunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Simu ambayo asubuhi ni nyepesi na saa nane ya mchana inalala, haina ugonjwa, iko na jua. Tuliona simu inachajiwa juu ya bati, jirani na plaki ya solere, kwa sababu waya ni mfupi. Nunueni waya mrefu.

Mise à jour, tukubali au tukatae?

Kati yetu wenyewe, maagronome, hatupatani kabisa juu ya swali hili. Wengine wanasema fungeni zote. Tuliofika kukubaliana ni hivi. Kati ya mwezi wa tatu na wa sita, kahawa ikiwa mlimani, hakuna mise à jour ya kitu chochote. Simu inayofanya kazi muiache hivyo. Mavuno yakiisha, fomu zikishatumwa zote, chagueni siku moja yenye rezo nzuri na umeme, mfanye zile zinazohitajika: KoboCollect tukiwaambia, WhatsApp inapodai, na zile ndogo za usalama ambazo simu inaziita mise à jour de sécurité. Hizo za usalama hazileti uzito mkubwa, na zinafunga milango ambayo wezi wanapitia. Mise à jour kubwa, ile inayobadilisha nambari ya Android, kwa simu yenye RAM ya giga 1 au 2 sisi tungeikataa. Ukishaikubali, simu haikupi njia rahisi ya kurudi nyuma. Fundi atakuambia anaweza. Mara ingine anaweza kweli, lakini kwa kufuta vyote.

Neno moja juu ya feza. Koperative zinazolipa wakulima kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money kwa kupiga zile nambari za nyota, hazihitaji smartphone kwa kazi hiyo. Wekeni laini ya kulipia ndani ya simu ndogo ya butoni, iliyo mkononi mwa kontabu. Haipati mise à jour, haijazwi video, na kijana wa kupokea kahawa haishiki.

Kuformati

Ikiwa mmefanya yote haya na simu bado inakwama, formati ni dawa ya kweli, tena nzuri. Ila iwe mikononi mwenu. Fomu zimetumwa na zimehesabiwa, nambari zimeandikwa, picha ziko kwenye kadi na kadi imetolewa nje, adresi ya Google imeondolewa kupitia Paramètres. Halafu formati ipitie Paramètres vilevile, si kwa butoni. Simu ikirudi, msirudishe programu zote 30. KoboCollect, WhatsApp, na labda moja ya hali ya hewa. Simu ya kazi ya giga 1 haibebi zaidi ya hapo. Adresi mpya ya Google iwe ya koperative, si ya mtu.

Simu ikichoka kweli

Kuna simu ambazo hazirudi. Programu muhimu zinakataa kuwekwa kwa sababu Android yake ni ya zamani mno, au kioo kimekufa nusu. Hapo nunueni, na mkinunua angalieni RAM mbele ya rangi na kamera: giga 3 au 4, na depo ya giga 64. Mpige hesabu kwa kilo za kahawa kwenye mkutano, mbele ya memba wote, ili kila mtu aone kilo ngapi zinaingia ndani ya simu moja.

Lakini nzee inaweza kubakia na kazi. Chukueni kupima mashamba. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka wa 2023 juu ya ukataji wa misitu, ambayo kuanza kwake kumesogezwa mbele, inaomba kila mzigo wa kahawa ujulikane umetoka shamba gani. Shamba lisilopita hekta 4 linakubaliwa kwa nukta moja tu, yenye tarakimu 6 kisha koma. Si lazima kuzunguka mipaka yote. Mashamba yetu ya kahawa huku karibu yote ni madogo kuliko hapo. Kushika nukta moja hakuombi meza kubwa wala mega, GPS inaongea na setelaiti. Bila rezo nukta ya kwanza inaweza kuchukua dakika kadhaa, basi msimame nje, mbali na miti mikubwa, mngoje mpaka ile namba ya mita za kukosea ishuke. Mlimani hakuna mstari wa watu nyuma yenu, dakika tano si kitu. Simu nyepesi ikae kwenye mizani.

Ndivyo walivyogawanya kazi kule Kalehe. Ile simu ya nne, iliyoformatiwa, inatembea milimani na GPS. Kati ya mashamba 43 yaliyopotea, 41 yamekwisha kurudi kwenye lisiti na kutumwa. Mawili yaliyobaki yako ng'ambo ya mto, na mpaka tunapoandika, mvua haijaruhusu kuvuka.